Maiki ya kila toazi, au mbili za juu tu?

Kwenye kurekodi drami, kuna wanaowekea kila toazi maiki yake, na kuna wanaotundika mbili tu juu ya mpigaji ili zinase seti nzima. Hoja ya wa kwanza ina uzito. Maiki ikiwa karibu, unaweza kuipandisha raidi (toazi kubwa la kushikilia mdundo) peke yake wakati wa kumiksi bila kuvuta na krashi (toazi la kupiga kwa kishindo). Chumba chenye dari ya chini nacho kinawaunga mkono, maana maiki iliyobanwa na dari hunasa mwangwi mfupi unaochafua kila kitu.

Lakini toazi halitoi sauti mahali pamoja. Ukingo una yake, kituta cha katikati kina yake, na sauti hizo zinahitaji nafasi kidogo ya hewa ili zichanganyike. Tena likipigwa huyumba, na maiki iliyolenga ukingo kwa karibu husikia sauti ikija na kupotea. Haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa pedali, ndiyo balaa zaidi: ikifungwa hupuliza hewa ubavuni, hivyo maiki isikae usawa wa ukingo kamwe.

Maiki za juu zina mtego wao, nao ni snea, ile ngoma yenye nyaya chini yake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Maiki moja ikiwa mbali na snea kuzidi mwenzake kwa sentimita 34, mlio unafika huko umechelewa kama milisekunde 1. Ziunganishe kwa mono, yaani chaneli moja, uone: masafa ya Hz 500 yanafutika, 1,500 vilevile, na snea inakonda. Dawa ni futi ya kupimia, au hata kamba. Sawazisha umbali kutoka katikati ya snea hadi kila maiki, hata kama kwa macho zitaonekana zimekaa upogo. Mpangilio unaobeba jina la Glyn Johns, mhandisi wa kurekodi, unasimama juu ya kanuni hiyohiyo: moja juu ya snea, nyingine pembeni kwa tomu ya sakafuni (ngoma kubwa inayosimama kwa miguu yake), umbali uleule. Mtindo wa XY, vichwa vikikaribia kugusana, unaondoa tatizo karibu lote, ila upana wa stirio unapungua.

Mimi naegemea mbili za juu. Kabla ya kuongeza ya tatu, mwombe mpigaji alegeze mkono kwenye matoazi. Lawama nyingi za maiki ni za mkono huo. Raidi ikizidi kuzama, iwekee yake kwa chini, kata besi, kisha jaribu kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti), kwa sababu upande wa chini husukuma hewa kinyume na wa juu.