Matandazo bustanini: lawama ipi ina uzito?

Wapo wanaoapa kwamba bustani bila matandazo, yaani vitu vinavyotandazwa juu ya udongo kuufunika, ni kazi bure, na wapo wanaoonya kwamba nyasi kavu, majani na vipande vya mbao huleta njaa kwa mimea na wadudu kwa mwenye bustani. Mimi niko upande wa matandazo, ila naona mabishano mengi yanaiacha hoja nzito na kung'ang'ania nyepesi.

Nianze na faida isiyotajwa sana: kuukinga udongo na tone la mvua. Tone likipiga udongo mtupu hupasua madonge madogo yaliyoshikamana, chembe laini huziba vitundu, na jua likiwaka uso hugeuka gamba gumu. Mvua inayofuata haizami tena, hutiririka na kuondoka na rutuba. Udongo uliofunikwa hupigwa kwa upole, maji huzama na hayakaushwi upesi na jua, na mbegu nyingi za magugu hukosa mwanga wa kuziamsha. Matandazo ya mimea yana zaidi: yakioza, nyungunyungu huyavuta chini na udongo huwa tifutifu. Kokoto na nailoni haziwezi hilo.

Lawama inayosikika zaidi ni kwamba mbao zinapooza hunyang'anya mimea naitrojeni, kirutubisho inachokihitaji ili ikue. Ni kweli nusu. Vumbi la mbao lina kaboni nyingi mno kuliko naitrojeni, hivyo bakteria na kuvu wanaolivunja huchota naitrojeni ya udongo uliogusana nalo. Lakini vipande vya mbao vikiachwa juu, vinagusa tabaka jembamba tu, ilhali mizizi mingi ya vichaka na miti iko chini yake. Hasara huja vikichanganywa na udongo kwa jembe, au vikizunguka miche michanga ambayo mizizi yake bado iko juujuu.

Ninachokihofia mimi ni ule mlima unaorundikwa kwenye shina la mti. Gome la shina haliwezi kuvumilia unyevu wa kudumu kama mzizi. Huoza, kuvu huingia, panya hupata maficho ya kutafunia, na mizizi mipya inaweza kuota ndani ya rundo na kulizunguka shina hadi kulikaba. Mti unaweza kukaa miaka bila kuonyesha dalili, ndiyo maana kosa hili linarudiwa hata na watu wanaoipenda miti kwa dhati. Unene wa sentimita 5 hadi 10 unatosha, na shina liachwe wazi upana wa kiganja.

Wanaoonya wana haki pia kuhusu konokono, wanaopenda kivuli hicho chenye unyevu, na kuhusu nyasi zilizokatwa zikiwa na mbegu, maana hizo hupanda magugu badala ya kuyazuia. Ndago, gugu sugu, ndiyo haijali matandazo kabisa. Hutoboa hata nailoni. Tena nyuki wa aina nyingi huchimba viota ardhini, na tabaka nene huwafungia mlango, kwa hiyo kipande cha udongo mkavu kisicho na kitu juu yake ni zawadi kwao.

Kubwa zaidi kati ya maonyo haya ni mvua za rasharasha. Majani hulowa, udongo chini yake ukabaki mkavu, na mtu akaahirisha kumwagilia kwa kuamini macho yake. Afadhali ayafunue kidogo, aingize kidole udongoni, ndipo aamue.