Kipandikizi cha Jino: Siku Ileile ya Kung'oa au Baada ya Wiki Kadhaa?

Mtu wa Nansio aliyevuka ziwa kwa kivuko kuja Mwanza kung'olewa jino ana haki ya kuuliza kwa nini kipandikizi, yaani skrubu ya titani inayochukua nafasi ya mzizi, kisiwekwe papo hapo, badala ya yeye kutafuta tena nauli na kupoteza siku nyingine ya kazi.

Hoja hiyo ina uzito. Ganzi ni moja, kidonda ni kimoja, na taya halimsubiri mtu: jino likishatoka, mfupa uliolizunguka huanza kunywea, na upana wake hupungua zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo. Ila wapo wanaoongeza kwamba kipandikizi cha siku ileile huuzuia mfupa usinywee, na hilo si kweli. Ukuta wa mfupa ulio upande wa midomo, hasa kwenye meno ya mbele ya juu, mara nyingi haufiki milimita 1 kwa unene, nao hupata sehemu ya damu yake kupitia nyuzi zinazolishikilia jino. Nyuzi hizo zikikatika, ukuta hupungua, kipandikizi kiwepo kisiwepo. Ufizi unaweza kuufuata, na weusi wa titani ukachungulia mtu anapocheka.

Kusubiri nako kuna bei yake. Wiki 4 hadi 8 humpa daktari ufizi uliofunga, na wiki 12 hadi 16 humpa tundu lililoanza kujaa mfupa. Lakini anayekaa mwaka mzima huenda akahitaji kuongezewa mfupa kwanza, na gharama hupanda.

Kwa wanaong'oa jino baada ya kuvumilia maumivu hadi shavu likavimba, naegemea kusubiri wiki hizo chache. Skrubu inayocheza siku ya kwanza kwa kawaida haishikani na mfupa, na tundu lenye usaha au ukuta uliovunjika halina pa kuikaza. Tundu likiwa safi, kuta zake zote zikiwa nzima na ufizi ukiwa mnene, sina ugomvi na siku ileile.

Hata hivyo, mgonjwa wa Nansio atarudi tu, kwa kuwa mara nyingi mfupa huachwa miezi kama mitatu uishike skrubu kabla ya kuvishwa jino la kudumu. Safari anayookoa ni moja.