Toroli Langu na Fuvu la Mtwa Mkwawa

Saba Saba ya Iringa si sikukuu ya kutembea. Baridi ya mwezi Julai hapa Kihesa humfanya mtu mwenye akili timamu ajifunike blanketi mpaka kidevuni, asogeze kiti karibu na jiko na kusubiri chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha, huku akiishukuru serikali kwa kumruhusu kisheria asifanye lolote. Hivyo ndivyo nilivyokusudia kuiadhimisha siku hiyo, na ningefanikiwa kama binti yangu wa kidato cha tatu asingeamua kujisomea historia kwa sauti sebuleni.

Alikuwa amefika kwenye habari za Mtwa Mkwawa, yaani chifu wa Wahehe wa huku kwetu Iringa, ambaye mwaka 1891 aliwapiga Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Zelewski, na ambaye mwaka 1898 alijipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Wajerumani wakachukua kichwa chake. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaagiza katika ibara ya 246 kwamba Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza katika muda wa miezi sita tangu mkataba uanze kutumika. Fuvu lilifika Kalenga, yalikokuwa makao yake, tarehe 19 Juni 1954, yaani miaka 35 kasoro siku tisa tangu mkataba utiwe saini.

Niliposikia maneno "miezi sita" nilikaa wima, kwa sababu ahadi hiyo naijua vizuri. Jirani yangu aliazima toroli langu akasema ni la kubebea mchanga wa msingi tu, na kwamba katika miezi sita atakuwa amemaliza. Nyumba imekwisha, imepauliwa, imepakwa rangi, na wapangaji wameshahamia. Toroli bado liko kwake. Wajerumani angalau walikuwa na kisingizio cha umbali, lakini mimi nikisimama kwenye mlango wa jikoni naliona toroli langu ng'ambo ya ua wa michongoma, kuku wametagia ndani yake, na gurudumu lina raba ya baiskeli niliyoifunga kwa mikono yangu.

Gavana Twining, Mwingereza aliyeitawala Tanganyika, alifunga safari mwenyewe hadi Bremen mwaka 1953, akakuta shehena ya mafuvu katika jumba la makumbusho, ikabidi yapimwe ili lipatikane lililoelekea kuwa la Mtwa. Mimi sihitaji vipimo vyovyote, ila nahitaji ujasiri wa kumwambia mtu mzima, tunayesali naye kanisa moja, kwamba kuku wake wahame. (TANU nayo, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, chini ya wiki tatu baada ya fuvu kurudi, na ndiyo maana nilikuwa chini ya blanketi siku hiyo. Sisemi kwamba jambo moja lilizaa lingine, ila naona kuwa haki ikicheleweshwa sana watu huanza kuitisha mikutano.)

Nilikuwa bado natafakari kuunda chama changu pale hodi ilipobishwa. Alikuwa ni yeye, jirani mwenyewe, amejifunga shuka shingoni na uso umejaa upole.

"Kamwene, Baba Eliza. Poleni na baridi."

Nilimkaribisha akala viazi vyangu, akasifu chai, akauliza habari za shule za watoto, kisha akasogeza kiti karibu zaidi na jiko langu na kusema kwamba bati moja la nyumba yake linavuja, hivyo angeomba ngazi yetu kwa siku chache. Nilimtazama binti yangu. Binti yangu alitazama kitabu chake.

"Utairudisha lini, ndugu yangu?" nikauliza kwa sauti ya kidiplomasia.

"Jumamosi," akajibu bila kupepesa macho.

Mke wangu alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi, akauliza kwa heshima zote, "Jumamosi ya mwaka gani, shemeji?"