Wine Isakinishwe kwa Ajili ya Programu Moja Moja

Tangu Microsoft ilipositisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wenye kompyuta ambazo bado ni nzima, ila hazitimizi masharti ya Windows 11, wamekuwa wakihamia Linux. Wengi wao hufika wakiwa na programu moja au mbili wasizoweza kuziacha: programu ya hesabu ambayo kumbukumbu zake za miaka yote hazifunguki kwingine, kamusi ya zamani iliyouzwa kwenye sidii, au programu ya kuchorea ramani za nyumba ambayo mtengenezaji wake aliacha kazi hiyo kitambo. Huambiwa wasakinishe Wine, yaani programu inayowezesha programu za Windows kufanya kazi kwenye Linux, nao huisakinisha, kisha baada ya siku chache husema kwamba haifanyi kazi. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi mno, na kila ninapoichunguza kwa karibu naona kwamba kasoro haiko sana kwenye Wine wala kwenye programu yenyewe, bali iko kwenye namna mambo yalivyopangwa tangu hatua ya kwanza. Maoni yangu ni kwamba Wine isisakinishwe kwa nia ya kuendesha programu za Windows kwa jumla jumla. Isakinishwe kwa ajili ya programu inayojulikana kwa jina na toleo lake, na kila programu ipewe folda yake peke yake.

Yafaa kwanza kueleza Wine hufanya nini hasa. Programu ya Windows ikitaka kufungua faili, kuchora dirisha au kuchapa ukurasa, haifanyi hivyo yenyewe. Huita kazi zilizomo ndani ya maktaba za mfumo, zile faili zenye majina kama kernel32.dll, user32.dll na gdi32.dll. Wine huleta maktaba zake zenye majina yaleyale, zilizoandikwa upya bila kutumia msimbo wa Microsoft, na kila ombi linapoingia hulitimiza kwa njia za Linux. Maagizo ya prosesa hayaigizwi. Katika kompyuta ya kawaida yenye prosesa ya Intel au AMD, hutekelezwa moja kwa moja, na ndiyo maana programu inayokubali kufanya kazi ndani ya Wine huwa na kasi inayokaribia ile ya Windows. Ndiyo sababu pia leseni ya Windows haihitajiki, tofauti na mashine pepe, ambayo ndani yake lazima Windows nzima iwemo.

Kazi za kuandika upya ni maelfu kwa maelfu, na nyingi zina tabia ambazo hazikuelezwa popote. Mradi ulianza mwaka 1993, Alexandre Julliard ameuongoza tangu 1994, na toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, yaani miaka 15 baada ya mwanzo. Mimi naona muda huo kuwa kipimo cha ukubwa wa mzigo, na nawaheshimu sana waliovumilia kuubeba. Kwa kuwa programu moja hugusa sehemu hii ya kazi hiyo na nyingine hugusa sehemu ile, kuuliza kama Wine inafanya kazi hakuna jibu. Lenye jibu ni swali la programu fulani, toleo fulani, ndani ya toleo fulani la Wine, na mara nyingi jibu hilo limekwisha kuandikwa na mtu katika hifadhidata ya WineHQ, ambako watumiaji hupanga programu kwa madaraja kuanzia Platinum hadi Garbage. Angalia tarehe kabla ya kuamini daraja, kwa maana matokeo ya miaka kumi iliyopita hayasemi mengi kuhusu leo.

Wine ikianzishwa mara ya kwanza bila maelekezo mengine, huunda folda iliyofichwa inayoitwa .wine ndani ya folda ya mtumiaji. Ukiifungua utakuta drive_c, ambayo kwa programu ndiyo diski C, ikiwa na Program Files, users na windows kama kawaida. Utakuta dosdevices, yenye viungo vya herufi za diski. Utakuta pia system.reg na user.reg, faili za maandishi matupu ambazo ndani yake mna rejista ya Windows, yaani hazina ya mipangilio yake, unazoweza kuzisoma kwa kihariri chochote. Kwa programu, ulimwengu wote ni huo. Watumiaji wa CrossOver na Bottles, programu zinazorahisisha kuitumia Wine, huuita chupa, nami nitalitumia jina hilo.

Ubaya huanza pale chupa moja inapobebeshwa kila kitu. Chukua programu ya kwanza inayodai .NET Framework 4.8, mkusanyo wa maktaba za Microsoft: mtumiaji huiweka kwa Winetricks, zana ya kuongeza maktaba za Windows ndani ya Wine, na Winetricks, kabla ya kuiweka, huondoa Wine Mono, ambayo ni mbadala huria wa .NET unaokuja na Wine. Programu ya pili, iliyokuwa ikienda vizuri na Mono, sasa imebadilishiwa msingi bila mwenyewe kujua. Ya tatu ni ya zamani na hutaka kuambiwa kwamba iko ndani ya Windows XP. Mtumiaji hufungua winecfg, dirisha la mipangilio ya Wine, na, badala ya kuweka mpangilio huo kwa programu hiyo tu, huuweka kwa chupa nzima. Ya nne huletewa faili ya DLL iliyopakuliwa mahali fulani na kulazimishwa itumike badala ya ile ya Wine. Baada ya mwezi mmoja hakuna anayeweza kusema ni badiliko lipi lililoharibu nini. Hapo ndipo watu hufuta folda yote ya .wine kwa hasira, pamoja na kumbukumbu ambazo programu ilizihifadhi mumo humo.

Tiba yake ni ndogo kiasi kwamba nashangaa haitajwi katika mstari wa kwanza wa kila mwongozo. Unda folda inayoitwa chupa ndani ya folda yako ya mtumiaji, kisha, ukiwa mahali ilipo faili ya kisakinishi (hapa setup.exe), andika kwenye terminali:

WINEPREFIX="$HOME/chupa/hesabu" wine setup.exe

Kwa amri hiyo Wine huunda chupa mpya inayoitwa hesabu na kuisakinisha programu humo, bila kugusa kitu kingine. Maneno yale ya mwanzo lazima yarudiwe kila unapoiendesha programu, au yaandikwe ndani ya ikoni yake, la sivyo Wine itarudi kwenye .wine na kukuambia kwamba haioni ulichosakinisha. Kila chupa hula mamia kadhaa ya megabaiti, nami naona nafasi hiyo ni kitu kidogo ukilinganisha na jioni nzima ya kutafuta chanzo cha kosa. Faida kubwa zaidi huonekana siku programu inapokubali: unanakili folda ya hesabu yote kama ilivyo, na hapo una nakala rudufu ya hali inayofanya kazi, ambayo unaweza kuirudishia hata baada ya jaribio baya kabisa.

Anayedhani kwamba huu ni ushauri wa watu wenye uangalifu kupita kiasi na atazame Proton, ambayo Valve, kampuni yenye duka la michezo la Steam, iliitoa mwaka 2018 juu ya msingi wa Wine, na ambayo ndiyo inayoendesha michezo ya Windows kwenye Steam Deck, kifaa chake cha mkononi cha michezo, tangu 2022. Watu husifu DXVK, sehemu ya Proton inayogeuza maombi ya Direct3D, njia ya Windows ya kuchora picha za michezo, kuwa ya Vulkan inayoeleweka kwenye Linux, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, ukiingia kwenye folda ya compatdata ya Steam utakuta kila mchezo una folda yake yenye namba ya mchezo, na ndani yake pfx, yaani chupa yake peke yake. Mchezaji haoni haya yote. Hubonyeza tu na mchezo ukaanza. Bottles na Lutris huwapa watumiaji wengine utaratibu wa namna hiyo kwa madirisha na vitufe, nami sioni ubaya wowote kuzitumia, mradi mtu ajue kinachofanyika chini yake.

Kuhusu toleo la kusakinisha, mimi hupendelea lile thabiti, ambalo kwa miaka ya karibuni limekuwa likitoka kila Januari, kuliko yale ya majaribio yanayotoka takriban kila baada ya wiki mbili. Ya majaribio yana nafasi yake pale marekebisho unayoyahitaji yanapokuwa humo tu. Kwenye Debian na Ubuntu usisahau kuruhusu vifurushi vya biti 32 kwa dpkg --add-architecture i386, kwa kuwa programu nyingi za zamani ni za biti 32, na hata baadhi ya zile za biti 64 huja na kisakinishi cha biti 32. Toleo la 9.0 la Januari 2024 lilileta njia mpya ya kuendesha programu za biti 32 kwenye mfumo wa biti 64 mtupu, lakini si vifurushi vyote vinavyojengwa kwa njia hiyo.

Programu ikikataa kufunguka, iendeshe kutoka kwenye terminali na usome. Mistari inayoanza na fixme huwatisha watu bure, kwa sababu mingi ni kumbukumbu za waandishi wa Wine kuhusu kazi ambazo hazijakamilika na haizuii chochote. Tafuta inayoanza na err. Ukiona import_dll na habari kwamba MFC140.dll haikupatikana, umekwisha kupewa jibu: programu inahitaji maktaba za Visual C++, ambazo Winetricks huziweka kwa jina la vcrun2022. Ziweke ndani ya chupa hiyo tu, na usiongeze kingine mpaka ujaribu tena.

Chupa hutenganisha mipangilio, haizuii wizi. Ndani ya dosdevices, herufi z: kwa kawaida huelekeza kwenye mzizi wa mfumo wako wote, kwa hiyo programu yenye virusi inaweza kusoma na kufuta nyaraka zako kwa kadiri unavyoweza wewe mwenyewe. Usiendeshe Wine kama root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, hata siku moja, na faili ambayo ungeiogopa kwenye Windows iogope vilevile hapa.

Vipo pia visivyowezekana. Programu inayotegemea draiva yake yenyewe ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo, cha Windows, kama vile za baadhi ya vifaa vya maabara, funguo za leseni za USB na baadhi ya ulinzi dhidi ya udanganyifu michezoni, haitasaidiwa na chupa wala Winetricks. Hapo tumia mashine pepe, au acha Windows kwenye diski nyingine.

Kwa programu iliyokubali, au iliyokataa baada ya kujaribiwa ipasavyo, naomba kila mtumiaji aandike ripoti. Waandishi wa Wine huomba kosa lijaribiwe ndani ya chupa mpya isiyoongezwa kitu, kwa sababu hiyo ndiyo hali wanayoweza kuirudia kwenye kompyuta zao. Ripoti yenye jina la programu, toleo lake, toleo la Wine na orodha fupi ya vilivyoongezwa humfaa pia mtu mwingine atakayefika mwakani na programu ileile. Ile inayotoka kwenye chupa iliyochanganywa programu sita haimfai yeyote kati yao.