Nyuki mwenye sweta

Shangazi yangu analima mboga Mlali, chini ya milima ya Uluguru. Wiki mbili zilizopita alitoka semina na vitu vitatu: nauli, kofia, na kijitabu cha picha kuhusu bustani ya mboga na wadudu rafiki. Nauli ikaisha siku ileile, kofia akapewa mjukuu, kijitabu akaniletea mimi kwa kuwa kwenye ukoo wetu ndimi "yule anayechora". Akakifungua katikati, akaweka kidole juu ya picha, akauliza kwa upole:

"Mwanangu, huyu nyuki mwenye sweta anakaa wapi?"

Nikatazama. Nyuki mnene, manyoya tele, mistari ya njano na nyeusi, amekaa juu ya ua ambalo hata mimi silijui. Anakaa Ulaya, shangazi. Wapo Asia, wapo Amerika, wapo hadi Afrika Kaskazini, lakini huku kwetu kusini ya Sahara jamii yake haipo. Ukimsubiri kwenye bilinganya zako utazeeka.

Na ubaya ni kwamba mwenye kazi yake ya kutikisa maua tunaye. Ni lile dudu jeusi nene linalotoboa boriti na kumwaga unga wa mbao juu ya kitanda cha mgeni. Lile ni nyuki. Chavua ya ua la nyanya au bilinganya imefungiwa ndani ya vifuko vyenye tundu dogo, kama kidude cha chumvi mezani, haitoki mpaka kitikiswe. Nyuki wetu wa asali hajui kutikisa. Hilo dudu la boriti linaling'ang'ania ua, linavuma kwa sekunde mbili tatu, chavua inamwagika. Huyo hayumo kwenye kijitabu. Aliyemo ni mwenye sweta.

Ukurasa unaofuata yupo mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi. Sisi utotoni tulimwita kikobe, na najua wewe unayesoma una jina lako. Kijitabu kinamwita "ndege-bibi". Ndege gani? Bibi yupi? Mtu amekaa na kamusi, akageuza neno la Kiingereza, "ladybird", kipande kwa kipande, akalipwa. Sijui ni nani na mradi siutaji, maana kosa hili nimeliona kwenye vijitabu vingi mno kumwangushia mmoja.

Lakini sweta na ndege-bibi ni vichekesho tu. Kilichonifanya nikae chini niandike ni kingine, nacho kimeshamgharimu shangazi matuta manne ya sukuma wiki.

Mwaka jana, kabla ya hiyo semina, alinitumia picha kwa simu. Jani la sukuma wiki, vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wamejaa upande wa chini hadi jani limekunjamana, na katikati yao wadudu weusi wa kutisha, warefu, miguu sita ya mbele, mwili kama mamba aliyepungukiwa chakula, mabaka ya rangi ya chungwa ubavuni. Chini ya picha ameandika: "Angalia mashetani haya. Nimeshayapiga dawa."

Yale mashetani walikuwa watoto wa kikobe.

Hebu tuambizane ukweli: nani anamuua kikobe mkubwa? Hakuna. Ni mzuri, anang'aa, watoto wanamtembeza kidoleni. Hata mkulima ambaye hajawahi kusikia neno "mdudu rafiki" anamwacha apite. Anayeuawa ni mtoto wake, kwa sababu mtoto hafanani na mzazi hata kidogo na sura yake ni ya mhalifu. Na mtoto ndiye mchapakazi. Tangu atoke kwenye yai mpaka ajigeuze, anakula vidukari kwa mamia. Sasa fungua kijitabu chochote cha wadudu rafiki ulichonacho, nasema chochote, uone nani amechorwa kwa ukurasa mzima. Kikobe mkubwa! Mwekundu, mpole, kama amekwenda studio. Mtoto wake, akiwepo, yupo kwenye kona, ndani ya kiduara cha "mzunguko wa maisha", ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, pamoja na mishale. Tumemtambulisha mkulima kwa mtu ambaye hakuwa na ugomvi naye, tukamficha yule anayemuua kila Jumamosi.

Si kikobe peke yake. Kuna nzi wa maua, yule anayeelea hewani juu ya giligilani iliyochanua kama ametundikwa kwa uzi. Mzazi ni mrembo, ana mistari kama nyigu. Mwanawe ni buu la kijani lisilo na miguu, linang'aa kama kamasi, unaweza kuona hadi matumbo. Siku moja nililala kifudifudi kwenye tuta la shangazi na lenzi ya kusomea ya marehemu babu, majirani wakadhani nimeanguka. Nililitazama buu moja. Halina macho ya maana, linapapasa kwa mdomo kushoto, kulia, kushoto. Likagusa kidukari. Likamnyanyua juu, miguu yake ikawa inachezacheza hewani, likamfyonza taratibu, mwili ukawa unasinyaa kama puto la sherehe siku ya pili yake, hadi ikabaki ngozi. Likaitupa. Likaanza tena kupapasa. Sikupata muda wa kubadilisha mkono ulioshika lenzi, tayari lilikuwa na wa pili. Nilikaa pale hadi shangazi akaniita chai, na chai nikaikuta imepoa.

Niambie ni mkulima gani aliyeonyeshwa tu nzi mrembo atakayeliona lile kamasi kwenye mboga ya kuuza na asiite bomba la mgongoni.

Au chukua kidukari aliyevimba, akawa duara la rangi ya kahawia iliyopauka, haondoki hata ukimgusa. Watu wanadhani ni aina mpya ya ugonjwa. Huyo ameshakufa. Ndani yake kuna mtoto wa nyigu mdogo sana ambaye mama yake alimtaga humo, na akikomaa atakata kitundu cha mviringo mgongoni na kutoka. Ukiona jani lenye vidukari vya hivyo vingi, weka bomba chini, kazi inafanyika. Na kuna vile viyai vilivyosimama juu ya unywele, kila kimoja na unywele wake, ambavyo kila mtu anaapa ni ukungu. Ukungu! Hivyo ni vya mdudu mwenye mabawa ya wavu wa kijani anayekuja kwenye taa usiku. Nichoreeni hivyo. Mzazi hata msiponichorea sidai.

Sasa rudi kwenye matuta manne. Shangazi alipiga dawa, vidukari wakafa, mashetani wakafa, akafurahi. Kidukari jike hahitaji dume; anazaa watoto hai, na kwenye joto la Mlali mtoto naye anaanza kuzaa ndani ya wiki moja hivi. Kikobe anahitaji wiki tatu, nne, kutoka yai hadi mkubwa. Wewe fanya hesabu nani anarudi kwanza shambani. Wiki ya pili vidukari walikuwa wengi kuliko mwanzo na hakukuwa na wa kuwala. Akapiga tena. Sukuma wiki haijui kusubiri siku za kungoja kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa, mnunuzi anakuja Alhamisi na pikipiki yake, na hapo ndipo shangazi, mtu mwenye dini yake, aliamua kung'oa yote na kuwapa ng'ombe wa jirani, kisha akakumbuka kwamba hata ng'ombe hapaswi kupewa. Akaizika.

Ndiyo, ndiyo, najua mtakachosema. Kuna wadudu ambao kikobe hawawezi. Kantangaze, yule kiwavi mharibifu, alipoingia kwetu mwaka 2014 na kuanza kutafuna nyanya kutokea ndani ya jani, hakuna rafiki aliyeinua mkono, na sitamwambia mtu mwenye ekari mbili za nyanya na mkopo aketi akisubiri nyigu. Dawa ina siku yake. Nimekubali, tuendelee.

Nakubali na jingine, linaniuma zaidi kwa kuwa ni kosa langu. Nilipoanza kuchora kurasa zangu mwenyewe za bustani ya shangazi, niliandika kwa herufi kubwa: VIKOBE WOTE NI RAFIKI. Uongo. Kuna ukoo wa vikobe wanaokula majani. Wanapenda jamii ya bilinganya na mnavu, wengine wanashambulia maboga na matango. Mkubwa wake hang'ai, ana kivumbi cha vinyweleo mgongoni kama amepakwa poda, na jani analolila linabaki wavu. Nimeuchana ule ukurasa.

Kwa hiyo nachora upya, na utaratibu wangu ni huu. Jani ni la mboga yetu: sukuma wiki, figiri, mchicha, nyanya chungu. Namchora mdudu upande wa chini wa jani, kwa kuwa ndiko aliko, jani limekunjwa kidogo na kidole gumba cha mwanamke, kucha ina udongo. Mtoto anapata ukurasa mzima, mzazi anapata kona. Zamu yao imefika. Na chini ya kila ukurasa naweka kipimo ambacho kila mtu anacho jikoni: punje ya ulezi, punje ya ufuta, punje ya mchele. Yai la kikobe lililosimama linakaribia ulezi. Kidukari aliyevimba hafiki ufuta. Mtoto wa kikobe aliyekomaa anaupita mchele. Hii "mara kumi ya ukubwa halisi" ya vitabu vya shule haimsaidii mtu aliyeinama shambani saa kumi na mbili asubuhi.

Mtaniuliza kwa nini nisipige picha tu, simu zipo. Kwa sababu kwenye picha ya simu mdudu huyo haonekani, unaona kivuli cha mkono wako.

Majina nimeamua kuuliza, sitatunga. Naacha mstari mtupu chini ya kila mdudu, kila kijiji kijaze. Na msidhani watu hawajui. Nenda pwani kamuulize mwenye minazi kuhusu majimoto, wale siafu wekundu wa juu ya miti, sawa, si siafu, ni sisimizi, msinirukie, wanaoshona majani kuwa nyumba. Wazee wa Unguja walikuwa wanajua mnazi wenye majimoto hauangushi vidaka ovyo, kwa sababu wanamfukuza kunguni anayefyonza nazi changa. Kule Mtwara watu wa korosho wanalijua hilo pia. Kwenye kijitabu cha semina hakuna mchwa wala sisimizi hata mmoja. Kuna konokono wa Ulaya.

Na sayansi yetu wenyewe ipo, si mbali. Mwaka 2002 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliachia kwenye milima ya Taita, Kenya, nyigu mwembamba, mdogo kama mbu, aliyeletwa kutoka Taiwan ili atage ndani ya viwavi wa nondo wa kabichi. Fikiria safari ile. Amepandishwa ndege, amekaguliwa, amelelewa maabara kama mtoto wa mfalme, akaachiwa kwenye kabichi za watu. Halafu mkulima anamuona kwenye jani, hajawahi kuonyeshwa hata mchoro wa penseli, anampiga kofi.

Shangazi amekuwa mhariri wangu. Ni mkali. Ukurasa wa nzi wa maua aliurudisha mara mbili. Mara ya kwanza buu lilikuwa "safi mno, kama la hospitali", mara ya pili alisema nimesahau vile vingozi vitupu vya vidukari vinavyobaki vimetapakaa, maana yeye vingozi ndivyo anavyoviona kwanza, ndipo anaanza kumtafuta mlaji. Nimechora vingozi. Alipouona wa tatu hakusema kitu, akaubandika ukutani jikoni kwa ugali.

Jana jioni simu ikaita. Yuko kwenye bilinganya, upepo unavuma, anapiga kelele.

"Mwanangu, nimeshika bomba mkononi, sijapiga. Kuna kitu hapa cha njano, kina miiba mwilini kote, na miiba yenyewe ina matawi. Kinakula jani. Nimegeuza kurasa zako zote hakimo. Huyu naye ni mtoto wa nani?"

Mtoto wa kikobe, shangazi. Yule mwingine, wa ukurasa niliouchana.

"Sasa nimpige au nimuache?"

Nikamwambia amwokote kwa mkono, amtie kwenye kikopo cha maji ya sabuni, na ageuze kila jani atafute mayai ya njano. Akakata simu bila kuaga. Nimeweka chai jikoni, penseli nimeshachonga.