Maziwa Tumeyanywa, Karatasi Yetu Iko Wapi?

Kila mwisho wa mwezi nilikuwa natia sahihi sehemu mbili. Ya kwanza ya mshahara, ya pili ya pesa ya maziwa. Nilipiga picha za eksirei kwa miaka kumi na tisa katika spitali moja ya hapa Pemba. Sitaitaja, kwa sababu haya si yake peke yake. Kwa miaka yote hiyo hapana aliyeniuliza kama maziwa nayanywa au pesa yake nanunulia unga. (Mara nyingi ilikuwa unga.) Imani ilikuwa kwamba sisi watu wa mionzi tuna sumu imetukaa mwilini na maziwa yanaitoa, kama wanavyoambizana wapaka rangi na wachomelea vyuma.

Mwaka jana nilikwenda kupima macho. Jicho la kulia lilikuwa linaona ukungu. Daktari, kijana mpole, akanimulika, akasema mtoto wa jicho ameanza, kisha akauliza kazi yangu. Nikamwambia. Akauliza tena: "Mzee, kwa miaka yote hiyo ulipata dozi kiasi gani?"

Nikabaki namtazama. Hesabu za maziwa ningeweza kumpa, mwezi kwa mwezi. Hesabu za mionzi sina.

Na si kwamba hazikupimwa. Kifuani nilivaa beji. Ndani yake mna vipande vidogo vya chumvi ya lithiamu floridi, na mionzi ikipita humo vinaweka nguvu yake. Vikipelekwa maabara vikapashwa moto, vinatoa mwanga, na wingi wa mwanga ule ndio wingi wa dozi uliyopata. Ni kitu cha kupendeza kabisa ukikielewa. Beji zetu zilikusanywa, zikafungwa bahasha, zikavuka bahari. Baada ya miezi mitatu, au tisa, zikarudi nyengine. Majibu yalikwenda kwenye faili, faili likaingia kabatini, na mwenye ufunguo wa kabati siku zote alikuwa likizo. Miaka kumi na tisa nimevaa mizani ambayo sijawahi kuambiwa imesoma kilo ngapi.

Sisemi tumedhulumiwa tu. Nasema tuliridhika. Maziwa yakichelewa mwezi mmoja tulikuwa tunajaa ofisini kwa mhasibu. Majibu ya beji yakichelewa mwaka, hata hatukumbuki kama kuna kitu tunasubiri.

Tuyatazame basi hayo maziwa. Mionzi ya eksirei haibaki mwilini. Ni jamii moja na mwanga wa taa, ila ina nguvu nyingi zaidi na jicho haliioni. Ukibonyeza inatoka, ukiachia imekwisha, na chumba hakibaki na kitu, kama ambavyo ukizima taa hakibaki na mwanga. Madhara yake hutokea pale pale inapopita. Inang'oa elektroni ndani ya seli, pengine inakata uzi wa vinasaba. Seli iliyokatwa ama inajishona vizuri, ama inakufa, ama inajishona vibaya ikaendelea kuishi hivyo hivyo. Ya kuogopwa ni hiyo ya tatu, maana baada ya miaka kumi au ishirini inaweza kuanza saratani. Sasa maziwa yaoshe nini hapo?

Kuna jengine lililonichekesha kwa uchungu nilipolijua, nami nimeshatia sahihi ya maziwa kwa miaka minane. Mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka, iodini yenye mionzi iliangukia majani, ng'ombe wakala, na watoto wa Belarus, Ukraine na Urusi wakanywa maziwa ya ng'ombe wale. Miaka iliyofuata saratani ya tezi la shingo ikagunduliwa kwa maelfu ya waliokuwa watoto wakati ule. Kwa hiyo mahali ambapo maziwa na mionzi vilikutana kweli, maziwa ndiyo yaliyoibeba.

Hofu ya mionzi visiwani kwetu ipo tele, ila haipo inapotakiwa. Mnara wa simu ukijengwa mtaani watu wataandika malalamiko, ilhali mawimbi ya simu hayana nguvu ya kung'oa hata elektroni moja. Na mimi posa yangu ilipopelekwa, mjomba wa mke wangu aliuliza mbele za watu: "Huyu si ndiye wa mashine? Atazaa kweli?" Alikuwa na ushahidi wake: mbung'o. Miaka ya 1990, kuanzia 1994, ndege ndogo zilikuwa zikimwaga Unguja madume ya mbung'o waliofugwa Tanga wakahasiwa kwa mionzi ya gama. Jumla yake walifika milioni nane hivi. Madume yale yakapanda majike, majike yasizae, na mbung'o wa mwisho wa porini akanaswa Septemba 1996. Ng'ombe wa Unguja wakasalimika na nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Kwa mjomba hesabu ilikuwa nyepesi: kilichomkata mbung'o kizazi kitamkata na mkwe.

Nina watoto watano. Alichokosa mjomba ni kipimo. Kwa mwanamume, mbegu huanza kupungua kwa muda akipata karibu milisiverti 100 (ndicho kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mkupuo mmoja, na utasa wa kudumu unataka maelfu. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano. Mpiga picha anayesimama nyuma ya ukuta wake kwa kawaida hapati hata 2. Ardhi, anga na chakula peke yake humpa binadamu wa kawaida duniani kama 2.4 kila mwaka, awe mpiga picha au mchuma karafuu.

Kwa hiyo sisemi kazi ile ni ya kuua. Ukifuata taratibu ni salama kuliko kupanda bodaboda kutoka Chake kwenda Konde. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Edison kule Marekani, alikuwa akiijaribu mionzi kwa mikono yake mwenyewe. Akakatwa mikono, na mwaka 1904 akafa. Hatuko huko tena. Lakini hilo neno "ukifuata taratibu" limebeba mzigo mkubwa, na wengine wameubeba bila kuambiwa.

Hapa lazima nijiseme mwenyewe. Msimu wa karafuu chumba cha eksirei hakipumziki. Watu wanaanguka mikarafuuni, wakubwa na watoto, mkono, nyonga, uti wa mgongo. Mtoto aliyevunjika hatulii. Lazima ashikwe. Kanuni inasema ashikwe na mzazi, avalishwe aproni ya risasi, yale madini mazito yanayozuia mionzi, na akiwa mjamzito asiingie kabisa. Tena asiwe mfanyakazi yule yule kila siku, kwa sababu mzazi atashika mara moja katika maisha yake na mfanyakazi atashika mara elfu. Sisi tulikuwa na dada mmoja wa usafi. Alikuwa na mikono yenye nguvu na sauti ya kubembeleza, watoto walikuwa wakimsikiliza. Mama wa mtoto akianza kulia na yeye, sisi tunaita, "Dada, hebu tusaidie." Anaweka ndoo, anaingia.

Beji hakuwa nayo. Kwenye orodha ya watu wa mionzi hayumo, kwa hiyo hata maziwa hakupata. Aproni tuliyompa ilikuwa ile ya zamani ambayo mtu alizoea kuikunja na kuiweka kitini. Aproni ya risasi haikunjwi. Inatundikwa, maana ikikunjwa inapasuka kwa ndani na nje huoni kitu. Dawa yake ni kuipiga eksirei yenyewe, mpasuko utauona kama mstari. Tulikuwa na mashine na tulikuwa na filamu. Hatukuipiga.

Mionzi ikimpiga mgonjwa hutawanyika, kama maji ya mfereji yanavyoruka ukiweka kijiko chini yake. Umbali wa mita moja, kinachokufikia ni kama sehemu moja ya elfu ya kilichompiga mgonjwa. Ukirudi nyuma ukafika mita mbili, inabaki robo ya hiyo. Anayemshika mtoto hana mita moja wala mbili. Kifua chake kiko pale pale.

Mwaka mmoja akawa mjamzito. Mimba ya wiki za mwanzo, hata mwenyewe hajajua, na sisi tunaendelea kumwita. Mama mjamzito anayefanya kazi ya mionzi akishatoa taarifa, mtoto tumboni anatakiwa asizidi milisiverti 1 mpaka azaliwe. Yule dada angetoa taarifa kwa nani, naye kwenye vitabu si mtu wa mionzi? Mtoto alizaliwa salama na sasa yuko skuli. Kwa hesabu ninazozijua, uwezekano mkubwa ni kwamba alichopata ni kidogo sana. Lakini nasema "uwezekano" kwa sababu hakikupimwa, na aliyekuwa akimwita ni mimi.

Beji nazo tulizitenda mambo. Mwenzetu mmoja aliacha koti lake, beji ikiwa mfukoni, limetundikwa ndani ya chumba mwezi mzima. Beji ikala mionzi, yeye hakula. Mwengine alikuwa akiifungia ya kwake kwenye droo asije akaambiwa amezidisha akaondolewa kazini. Leo nikiambiwa rikodi zetu haziaminiki nitakubali, na sehemu ya lawama nitaichukua. Lakini ukimletea mtu majibu yake kila robo mwaka, anaona namba imeruka, anauliza kwa nini, na koti linatundikwa nje. Asiyeletewa majibu anaiona beji kuwa pambo.

Tanzania tuna Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 na tuna Tume yake yenye kazi ya kusimamia mambo haya. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki vinasema waziwazi kwamba mfanyakazi awe na njia ya kuziona rikodi zake mwenyewe. Vinasema pia zitunzwe mpaka afike umri wa miaka 75, na zisiondolewe kabla ya miaka 30 tangu alipoacha kazi. Mimi nina miaka 58. Karatasi yangu ilitakiwa iwe na umri mrefu kuliko mimi.

Kuhusu jicho, nitakuwa mkweli. Nadhani ni sukari na jua; nimevua samaki tangu mdogo. Mtoto wa jicho wa mionzi huja kwa dozi kubwa, kama milisiverti 500, japo wataalamu wenyewe waliona walikuwa wakijiamini kupita kiasi, na mwaka 2011 wakashusha kiwango cha jicho kutoka 150 kwa mwaka hadi 20. Wanaostahili kuhofia zaidi ni madaktari na wauguzi wanaosimama kando ya mgonjwa mashine ikiwaka mfululizo wakati wa upasuaji. Lakini "nadhani" yangu haiwezi kuingia kwenye faili la daktari, wala kwenye dai la fidia kama kesho itagundulika si jicho tu.

Juzi kijana aliyenirithi alinipigia simu. "Ami, pesa ya maziwa haijaingia miezi miwili. Tunataka kuandika barua, tusaidie maneno."

Nikamwambia nitasaidia, ila chini ya barua waongeze kifungu: kila mmoja apewe kwa maandishi dozi yake ya kila mwaka tangu alipoanza kazi, na dada wa usafi wapewe beji.

Akanyamaza kidogo. "Ami, hicho kifungu kitawaudhi, na maziwa tutayakosa."

Nikamwambia waandike barua mbili, na ya maziwa waipeleke ya pili.