Kuwaka si kupimwa

Vijana ninaowajua hapa Tabora wanaopenda gemu wana utaratibu mmoja: vipuri vya kompyuta vinaagizwa Kariakoo, vinaletwa kwa basi, fundi anaunganisha. Akimaliza anabonyeza swichi, feni zinazunguka, taa za rangi zinacheza, Windows inafunguka, pesa inalipwa. Mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vipuri vyote, imefaulu. Imefaulu mtihani gani? Kwa maoni yangu hapo hakuna kilichopimwa, na fundi anayekabidhi mashine bila kumwonyesha mteja namba hajamaliza kazi.

Chukua RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, maana hapo mtu anapunjwa bila kuwepo wa kumpunja. Umenunua RAM za kizazi cha DDR4 zilizoandikwa kasi ya 3200. Ukizichomeka tu, mazabodi nyingi huziendesha kwa kasi ya msingi, 2133, 2400 au 2666, mpaka mtu aingie BIOS (programu ya ndani ya mazabodi) na kuwasha XMP, mpangilio unaozipa RAM kasi iliyoandikwa. DDR5 nazo ni vilevile, ila kwenye mashine za AMD mpangilio huo mara nyingi huitwa EXPO. Kuhakiki hakuna gharama: fungua Task Manager, nenda kwenye sehemu ya kumbukumbu, kasi imeandikwa pale. Tena angalia sloti. Kwenye mazabodi nyingi za sloti nne, RAM mbili hukaa ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Zikibanana sloti za jirani, kama ya kwanza na ya pili, zinapita njia moja badala ya mbili, na anayeumia zaidi ni mwenye prosesa kama Ryzen 5 5600G asiye na kadi ya picha, kwa sababu picha zake zote zinategemea RAM hizohizo. Ukishawasha XMP, ziache usiku kucha kwenye MemTest86, programu ya kusaka makosa ya RAM. Mashine inaweza kukubali kasi mpya, ikafungua Windows vizuri tu, halafu ikakuzimia katikati ya mechi.

Lakini kilichonifanya niandike ni joto.

Majaribio mengi tunayotazama YouTube hufanyiwa mezani, mazabodi ikiwa wazi, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Sisi Oktoba yetu mnaijua: mvua bado, mchana joto limepita nyuzi 30, chumba cha bati, kasha limefungwa na kusukumwa ukutani. Sehemu inayoteseka kwanza ni VRM, ile mizunguko iliyo kando ya prosesa inayochukua volti 12 za pawasaplai na kuzishusha hadi volti moja na ushee. Kwenye mazabodi za bei nafuu mara nyingi vipande hivyo viko uchi, havina hata bamba la kupozea. Vikichemka sana, mazabodi hujikinga kwa kupunguza umeme unaokwenda kwenye prosesa. Wewe mchezaji unachokiona ni gemu iliyokuwa laini kuanza kukwama, kisha kurudi sawa, kisha kukwama tena. Wengi hapo wanailaani kadi ya picha, na wapo wanaoiuza.

Nilikaa na kijana mmoja wa Isevya mwenye malalamiko hayo. Tuliwasha Cinebench, programu inayoichosha prosesa, kwa mzunguko wa dakika 30, na HWiNFO, inayoonyesha joto na kasi, ikiwa wazi pembeni. Mwanzoni shwari, prosesa imetulia juu ya 4 GHz. Kisha namba ya joto la VRM ikaanza kupanda: 90, 98, 104. Kasi ikaporomoka hadi chini ya 3 GHz, wakati prosesa yenyewe iko nyuzi 70 na kitu tu, wala haina shida. Tukatoa ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya mezani pale kwenye kona. Kasi ikarudi mbele ya macho yetu. Kipimo kifupi cha dakika mbili tatu kisingeonyesha chochote. (Mazabodi nyingine hazionyeshi joto la VRM kabisa, kwa hizo tazama kasi ya prosesa tu, itakwambia.)

Kwa hiyo ukienda kununua, acha kuulizia taa. Taa hazipozi kitu. Uliza mabamba ya VRM, na uliza toleo la BIOS, hasa kama ni mazabodi ya zamani ya aina ya B450 na prosesa yako ni ya familia ya Ryzen 5000. BIOS ikihitaji kuongezwa toleo, fundi awe na UPS (betri ya akiba), maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza isiamke tena.

Mafundi huniambia mteja halipi muda wa kusubiri vipimo. Basi wauweke kwenye bei waziwazi. Mimi ningeongeza elfu kumi bila kununa, ilimradi nipewe picha mbili za skrini, moja ya kasi ya RAM na nyingine ya dakika ya 30 ya Cinebench, zilizopigwa saa nane mchana kasha likiwa limefungwa.